Mwalimu Anakula kwa Nani?

Kando ya mto Tigri, katika nchi tunayoiita leo Iraki, uko mji uitwao Samarra. Mwaka 1891 aliishi humo mzee mmoja jina lake Mirza Hasan Shirazi. Hakuwa na askari hata mmoja, wala cheo cha serikali. Hata nchi aliyokaa haikuwa yake: yeye alikuwa Mwajemi, na Iraki siku hizo ilitawaliwa na Sultani wa Waturuki. Kazi yake ilikuwa kusoma na kusomesha.

Huko kwao Uajemi palikuwa na mfalme, Nasiruddin Shah, mpenda safari za Ulaya na mpungufu wa fedha. Mwaka 1890 alimpa Mwingereza aitwaye Meja Talbot haki ya biashara yote ya tumbaku ya nchi ile kwa miaka 50. Mkulima alazimike kumwuzia Talbot, na mvutaji alazimike kununua kwa Talbot. Wenye maduka wakalia, wakulima wakalia, na masheikh wa miji wakapaza sauti. Desemba 1891 ikatolewa fatwa kwa jina la Mirza Shirazi kwamba kuvuta tumbaku wakati huu ni sawa na kupigana na Imamu wa Zama, yule ambaye Mashia humngoja arudi. Watu wakaweka chini viko vyao. Inasimuliwa kwamba hata ndani ya jumba la mfalme, wake zake walikataa kuvuta. Januari 1892 mfalme akasalimu amri, akaufuta mkataba.

Sasa nawauliza, wanangu. Mzee asiye na bunduki, akiwa nje ya mipaka ya mfalme, alipata wapi nguvu ya kumrudisha nyuma mfalme?

Mtanijibu: imani ya watu. Ndiyo, lakini imani ilikuwepo pia katika nchi nyingi ambazo masheikh wake hawakuthubutu hata kukohoa mbele ya mtawala. Jibu langu ni la jikoni kidogo. Tazameni mzee yule alikula kwa nani.

Waislamu wa madhehebu ya Shia Ithnaashari, ambao ndio wengi Uajemi na Iraki, wana wajibu uitwao khumsi. Mwaka ukiisha, mtu hupiga hesabu ya alichopata, hutoa matumizi ya nyumba yake, na sehemu moja ya tano ya kinachobaki huitoa kwa ajili ya dini. Haendi kuipeleka kwa waziri. Humpelekea mwanachuoni mkubwa aliyemchagua mwenyewe awe kiongozi wake katika sheria za dini, anayeitwa marjaa, au wakala wake. Kwa fedha hiyo marjaa huwalisha wanafunzi, huwasaidia maskini, huendesha madrasa. Mfalme anaweza kumchukia, lakini hawezi kumkatia posho, kwa kuwa hakuwahi kumpa. Ndiyo maana fatwa ile ilipotoka, haikuwa na mtu wa kuizuia mlangoni.

Basi tuuache mto Tigri, twende mto Lualaba, hapa kwetu Maniema, nchini Kongo.

Miaka ile ile, mkono wa kulia wa Lualaba, palikuwa na mji wa Nyangwe, mkubwa kuliko Nyangwe mnayoijua ninyi leo. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walianzisha kituo chao pale katika miaka ya 1860 kwa ajili ya pembe za ndovu na watumwa. Mkubwa wao alikuwa Mwinyi Dugumbi. Kusini yake kidogo, Kasongo, baadaye alitawala Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na njia ya kurudi pwani ilipita Kabambare. Walikuja na mpunga, na ndiyo sababu Maniema yetu inakula wali. Walikuja na Kiswahili tunachoongea, na herufi za Kiarabu za kukiandikia. Zipo hadi leo barua za watu wa hapa, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu. Waliokuja nao pia walikuwa walimu.

Walimu hao walikula kwa nani? Kwa tajiri wa msafara. Hakuna aliyewapelekea khumsi. Wengi wa waliokuja huku walikuwa Sunni wa madhehebu ya Shafi, na masultani wa Unguja waliokuwa juu yao walikuwa Ibadhi. (Mshia mmoja alihusika kwa mbali: Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa jamii ya Waismailia kule Unguja, alikuwa mmoja wa waliomkopesha Tippu Tip mali ya safari zake.) Mwalimu alimwandikia tajiri barua zake, alimsomea dua kabla ya safari, alimzikia watu wake, aliwafundisha watoto wake Juzuu Amma. Usiku alikula katika sinia lake. Na mtu anayekula katika sinia la tajiri, siku tajiri anapotenda dhuluma, hufanya nini?

Nitawasimulia siku moja, na sitaipamba. Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko Nyangwe. Wanawake wa vijiji vya ng'ambo walivuka na mitumbwi wakiwa na samaki, mihogo, kuku na vyungu. Mganga na msafiri wa Kiskoti, David Livingstone, alikuwa amekaa hapo miezi kadhaa baada ya kuugua muda mrefu Kabambare, akiandika shajara yake juu ya karatasi za gazeti kuukuu kwa wino wa matunda, maana karatasi zilikuwa zimemwishia. Ghafla watu wa Dugumbi, pamoja na wenzao walioongozwa na mfanyabiashara mwingine, Mtagamoyo, wakafyatua bunduki katikati ya soko. Watu wakakimbilia mtoni, mitumbwi ikagongana, wengi wakazama. Wenyeji wa pwani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Dugumbi alitoa mtumbwi, wakaokolewa wachache waliokuwa wakielea. Katika masimulizi ya siku ile aliyoyaacha Livingstone, sauti ya mwalimu wa dini haisikiki ikisema "acheni". Hili linaniuma kila ninapolikumbuka, kwa sababu Kurani ilikuwa pale, na bila shaka ilisomwa pale asubuhi ile ile kabla jua halijachomoza, kama inavyosomwa kila alfajiri.

Msiwahukumu haraka walimu wale kuwa waovu. Nimewaeleza walikula wapi.

Halafu akaja Bula Matari, yaani msafiri Stanley. Februari 1887, kule Unguja, Stanley alimpatia Tippu Tip mkataba: awe wali wa Maporomoko ya Stanley, sehemu ya Kisangani ya leo, kwa mshahara kutoka kwa Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Mwenye msafara akawa mtumishi wa serikali ya Wazungu. Mkataba haukudumu. Tippu Tip alirudi Unguja, hakuonekana tena Maniema, akafia huko mwaka 1905. Kasongo alibaki mwanawe Sefu. Vita kati ya Waarabu na Wabelgiji vikaanza 1892, na Gongo Lutete wa Watetela, aliyekuwa upande wa Waarabu, akageukia upande wa Wabelgiji. Mwaka uliofuata Wabelgiji hao hao walimpiga risasi. Tarehe 4 Machi 1893 jeshi la Dhanis, kamanda wa Wabelgiji, likaingia Nyangwe, na tarehe 22 Aprili likaingia Kasongo. Daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi hilo, Sidney Hinde, aliukadiria mji wa Nyangwe kuwa na watu kama 30,000, na akaeleza jinsi ulivyoteketezwa hadi ikabaki nyumba moja kubwa iliyozungukwa na kambi ya askari. Hadi mwanzoni mwa 1894 utawala wa Waarabu ulikuwa umekwisha.

Sinia la tajiri likapinduka. Matajiri wamekufa au wamekimbia. Mngetazamia dini yao ife pamoja nao, sivyo? Ikawa kinyume. Katika siku za misafara wenyeji wachache tu walisilimu, kwa kuwa tajiri wa watumwa hana haja kubwa ya kumfanya kila mtu ndugu yake katika dini. Uislamu ulienea vijijini Maniema hasa baada ya wafanyabiashara kushindwa. Walioueneza ni waungwana: watu wa hapa hapa, wengi wao watoto wa mateka na wa wapagazi, ambao walijifunza dini kwenye misafara na sasa hawakuwa na bwana. Katika safu moja ya msikiti wakasimama wajukuu wa walioteka na wajukuu wa waliotekwa.

Na kuanzia hapo mwalimu akala kwa nani? Kwa watoto. Chuo kilikuwa baraza ya nyumba au kivuli cha mwembe. Mtoto alikuja na ubao wake, akaandikiwa alif, be, te kwa wino wa masizi, akaimba mpaka aishike, ubao ukaoshwa, akaandikiwa nyingine. Mzazi alimlipa mwalimu kwa mpunga, kuku, mafuta ya mawese. Wanafunzi walimpalilia shamba na kumletea kuni. Mtoto akihitimu, palikuwa na sherehe na kanzu mpya kwa mwalimu. Hakuwa tajiri, mara nyingi alikuwa fukara. Lakini kwa mara ya kwanza mwalimu wa Maniema alikaa kama yule mzee wa Samarra: chakula chake kilitoka kwa waumini, hakikutoka kwa mwenye bunduki.

Leta, yaani serikali, iliona jambo hilo na haikulipenda. Kwenye karatasi, Leta haikuwa na ugomvi na dini. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, uliompa Leopold nafasi ya kuwa na Kongo, unasema katika kifungu cha 6 kwamba uhuru wa dhamiri na wa ibada unalindwa kwa wenyeji na wageni. Lakini mwaka 1906 dola ya Leopold ilitia saini mapatano na Papa: misheni za Kikatoliki zipewe ardhi, nazo ziendeshe shule. Kuanzia miaka ya 1920 Wabelgiji walizitolea shule za misheni fedha za serikali. Mtoto wa Kasongo aliyetaka kujua Kifaransa, awe karani au muuguzi, alipita kwa Mapadri Weupe, na wazazi wa Kiislamu waliogopa kwamba mtoto akitoka kule atakuwa na jina la ubatizo. Wengi wakawazuia watoto nyumbani. Shule za Leta zisizo za dini hazikufunguliwa kwa Waafrika hadi 1954, miaka sita tu kabla ya uhuru. Hasara yake tumeibeba miaka mingi: ulipofika uhuru, Waislamu wa Maniema waliokuwa na vyeti vya shule walikuwa wachache sana, na hilo lisidhaniwe lilitokana na uvivu wa akili.

Leta iliogopa zaidi zikri. Katika miaka ya 1920 tarika (njia ya masufi) ya Kadiria ilivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Ujiji na Kigoma ikafika Kasongo. Watu wakaiita Muridi. Kulikuwa na khalifa, yaani kiongozi, na ijaza, yaani kibali cha kufundisha, usiku wa kuamkia Ijumaa kulikuwa na duara la watu wakilitaja jina la Mungu kwa pumzi moja, na mtu wa Kabambare alijuana na mtu wa Ujiji kwa silsila moja, yaani mnyororo mmoja wa walimu. Wabelgiji walikumbuka jinsi Wajerumani walivyotishika Tanganyika mwaka 1908 kwa barua iliyodaiwa kutoka Makka. Walikuwa pia wamemfunga mhubiri Simon Kimbangu mwaka 1921, naye alikaa gerezani hadi kufa kwake 1951. Kwao kila mtu aliyekusanya watu bila kibali alikuwa hatari. Basi mikusanyiko ya Muridi ikapigwa marufuku, walimu kutoka Tanganyika wakazuiwa, na baadhi ya viongozi wakahamishwa kwa amri kwenda sehemu za mbali ambako hawakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Wabelgiji hawakuweza kumkatia mwalimu posho, wakamkatia wanafunzi.

Zikri haikuisha. Ilifanywa ndani, milango imefungwa, daffu zikiwa kimya.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na watu wa Maniema wengi walikuwa upande wa Lumumba. Yaliyofuata mnayajua: mauaji yake, uasi wa Simba mwaka 1964, na mwishowe Mobutu mwaka 1965. Sitakaa hapo. Ninachotaka mkione ni karatasi ya tarehe 31 Desemba 1971. Siku hiyo Mobutu aliamuru kwamba dini isiyotambuliwa na serikali haina ruhusa. Wakatajwa Wakatoliki, Waprotestanti chini ya kanisa moja, na Wakimbangu. Waislamu waliongezwa baadaye kidogo, kwa namna ile ile ya Waprotestanti: wawe jumuiya moja, yenye mwakilishi mmoja anayejulikana na wizara. Jumuiya hiyo ndiyo leo inaitwa COMICO.

Kwa upande mmoja ilikuwa faraja kubwa. Watu waliojificha miaka 40 sasa walikuwa na muhuri. Mobutu naye alikuwa na haja zake. Oktoba 1973 alivunja uhusiano na Israeli akatafuta urafiki wa nchi za Kiarabu, na vijana wetu wakaanza kupata nafasi za kusoma huko. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 Waislamu walipewa, kama makanisa, haki ya kuendesha shule zinazolipiwa na serikali. Binti wa Nyangwe akaweza kusoma hesabu na Kifaransa bila mama yake kuhofia ubatizo. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya mambo mema makubwa yaliyotufikia.

Upande wa pili ulikuwa mzito. Muhuri ni mmoja, na watu wa kuushika ni wengi. Vijana waliorudi kutoka Arabuni waliona maulidi na zikri ni bidaa, yaani uzushi, wakajiita Sunni. Wazee wa Muridi, ambao nao ni Sunni tangu kuzaliwa, wakajibu kwamba dini hii imelindwa na sisi wakati ninyi hamjazaliwa. Misikiti ikagawanyika, Kasongo, Kindu na kwingineko, na kila upande ukakimbilia ofisi za serikali kuthibitisha kuwa ndio wenye jumuiya. Jambo la madrasa likawa faili la waziri.

Hata Mashia wenyewe hawajakubaliana katika jambo hili la sheikh na serikali, nanyi ni vizuri mlijue. Mwaka 1970, akiwa Najaf, Ayatollah Khomeini alifundisha kwamba mwanachuoni ndiye anayestahili kutawala, na 1979 akawa kiongozi wa Irani. Tangu hapo masheikh wa Irani wanaushika mfuko wa dola pia. Lakini huko huko Najaf, Ayatollah Khoei, na baada yake Ayatollah Sistani, walishika njia ya Mirza Shirazi. Wamarekani walipoivamia Iraki mwaka 2003 na kutaka katiba iandikwe na watu wa kuteuliwa, Sistani alisema iandikwe na waliochaguliwa na wananchi, na Wamarekani wakalazimika kubadili mpango wao. Yeye hakutaka uwaziri. Upande wetu wa Afrika, Makhoja wa Shia Ithnaashari waliamua mwaka 1964 kuanzisha kazi ya Bilal Muslim Mission; mwanzilishi wake mkuu, Sayyid Saeed Akhtar Rizvi, aliyetoka India, alifanya kazi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2002. Kiswahili cha vitabu vyao kinasomeka hadi Kasongo. Nao waliishi kwa michango ya waumini, wakasajiliwa na serikali, wakajiweka kando ya siasa zake.

Katiba yetu ya 2006 inasema katika kifungu cha kwanza kwamba Kongo ni dola isiyo ya dini. Mimi naipenda ibara hiyo, kwa sababu babu zetu waliishi chini ya Leta iliyosema hivyo hivyo huku ikigawa shule kwa dini moja. Lakini ibara haimwambii sheikh ale wapi. Tarehe 13 Mei 2021, siku ya Idi, makundi mawili ya Waislamu yaliyogombania uongozi wa COMICO yalikutana mbele ya uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa. Yakapigana, polisi mmoja akauawa, na baada ya kesi ya haraka karibu watu 30 wakahukumiwa kifo. Walikuja kusali sala moja. Siku 12 tu kabla yake, huko Beni, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akiwahutubia watu waziwazi dhidi ya wenye silaha wanaochinja raia kwa jina la dini, alipigwa risasi msikitini akiwa katika sala. Hao wote walikuwa Waislamu wa nchi moja na mwezi mmoja.

Leo mwalimu wa shule ya Kiislamu Kasongo anasubiri mshahara wake kutoka Kinshasa, kama walimu wenzake wa Kikatoliki, na mara nyingi unachelewa. Mwalimu wa chuo, jirani yake, bado analetewa mpunga. Wote wawili tunawahitaji, na mara nyingine ni mtu mmoja anayefanya kazi zote mbili, asubuhi huku na jioni kule.

Nina kazi kwa ajili yenu likizo hii. Majina ya masheikh waliohamishwa na Wabelgiji hayamo katika vitabu vyenu vya shule. Yamo vichwani mwa wazee wachache waliobaki Nyangwe, Kasongo na Kabambare. Chukueni daftari. Waulizeni nani alichukuliwa, mwaka gani, akapelekwa wapi, na kama alirudi. Waulizeni zikri ilifanyika nyumba ya nani wakati ilipokatazwa, na nani alikesha nje akilinda mlango. Waulizeni pia mwalimu alipochukuliwa, mke na watoto wake walilimiwa shamba na nani. Swali hilo la mwisho msilisahau, maana wanaume wakisimulia huliruka; kaulizeni kwa bibi zenu.